Filamu Bubu ya Jumamosi

Benchi lile liko ubavuni mwa banda la video, na mwenyewe ni yeyote aliyewahi kukaa. Jumapili hiyo Sauti alifika shingo imefungwa skafu. Ndiye mkalimani wa banda: filamu ya kigeni ikichezwa, yeye hushika maiki akawasemea wote, jambazi, polisi, hata farasi. Mwezi mzima alikuwa akibembeleza vijana waje waonje filamu za zamani, na wa kwanza kumcheka alikuwa binti yake mwenyewe, ambaye siku hizi hata kuongozana na baba njiani anaona haya. Jana yake wakaja, banda likafurika. Nalo koo, kama kumkomoa, likakauka. Filamu yenyewe bubu, haina hata mlio wa mlango, maandishi yake hakuna ayajuaye. Sauti aliiwasha, akaenda kulala kwa uchungu.

— Vijana wako walitoka wanalia, alisema Breki, dereva mstaafu wa malori. Hata lile jitu la kijana linalovunja viti vya banda!

— Filamu nzuri haitaki maneno, Sauti alinong'ona, moyo umemjaa fahari.

— Maneno walipewa, bwana. Nimewauliza mmoja mmoja. Wote wananisimulia maneno yaleyale, kama wamekaririshwa.

— Wamesoma midomo, alidakia Waya, fundi redio.

— Midomo ya lugha gani?

— Basi spika zimenasa redio ya jirani. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Spika si ziko kwako?

Waya akakohoa. Kweli, zilikuwa mezani kwake, matumbo wazi.

— Sikilizeni, alisema Breki. Picha ikifungiwa kabatini miaka themanini, inajifunza kuongea. Hata wewe ungeropoka! Ndiyo maana ya mgeni njoo, mwenyeji apone.

Walicheka. Sauti peke yake hakucheka.

— Ilikuwa sauti ya mwanamke, alisema mama wa kahawa, akimimina. Niliisikia nikipita. Nikasema afadhali Sauti amepata msaidizi, maana tangu mkewe afariki, wanawake wote anawasemea kwa kubana pua.

Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akiwasemea wanawake wa filamu, na alifariki binti akiwa bado ananyonya.

Binti mwenyewe akatokea kwenye kona. Akawaamkia wazee, akasimama karibu na baba yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

— Baba, tunamtaka tena yule mama wa jana.

— Mama yupi, mwanangu?

— Aliyekuwa anatutafsiria. Gizani sikumwona uso. Filamu ilipoisha alinishika kichwa, akasema nimerefuka. Kwani alinijulia wapi?

Sauti aliogopa, na ndani ya woga ule akaona wivu, kwamba mama huyo alipokuja, yeye alikuwa kitandani. Akamshika binti mkono. Binti hakuutoa, alikuwa anasubiri jibu.