Dada wa Namiura

Mbele ya duka la mashine za kufulia, nje kidogo ya Lanham, Marekani, palikuwa na benchi refu la mbao ambalo mwenye duka aliliweka ili wateja wakae wakisubiri nguo zao. Mwaka wa tisini na nane, mteja aliyekwenda pale Jumamosi mchana alisubiri amesimama. Benchi lilikuwa na wenyewe. Honorata wa Bukoba, mtunza wazee, aliitwa Mama Chupa kwa kuwa kahawa yote ilitoka kwenye chupa yake ya chai. Cosmas wa Tabora, mwaka wa saba huo akisomea uchumi, aliitwa Muhula. Kibet wa Kericho, dereva wa teksi, aliitwa Beltwei, kwa jina la barabara kuu aliyoshinda akiizunguka. Na Elkanah wa Vihiga, kwa kuwa aliendesha gari la halmashauri lenye nembo ubavuni, alikuwa Meya, ingawa kazi ya gari lile ilikuwa kukusanya mapipa ya taka.

Jumamosi moja ya Mei, Meya alifika na kijitabu chenye picha. Aliwaeleza wenzake kwamba mji wao umepata dada huko Japani, yaani mji wa kufunga nao urafiki, mji wa pwani uitwao Namiura. Wageni wanne walikuwa wamekwisha kufika, na kesho yake saa nane mchana yeye ndiye aliyepangiwa kuwatembeza. Mambo yakienda vizuri, bosi atampa uendeshaji wa wageni moja kwa moja, na mapipa ayasahau. Wiki nzima alikuwa akikariri kijitabu wakati wa chakula cha mchana. Hakusema kwa nini, lakini sababu ilikuwepo: mwaka wake wa kwanza Marekani hakukutana na mtu hata mmoja aliyejua Vihiga iko wapi, na hakupenda mgeni wake aonje hali hiyo.

Basi akawasomea. Namiura kuna mnara wa taa wenye ngazi mia moja thelathini na moja. Kuna soko la samaki ambako alfajiri watu hunadi kwa vidole tu, bila neno. Ngisi huanikwa kwenye kamba kama mashati. Kuna kina mama wa miaka sabini wanaozamia baharini kutafuta kombe bila chupa ya hewa. Na kuna chemchemi ya maji moto juu ya jabali, watu huoga wakitazama bahari.

Muhula alikuwa wa kwanza kupata mashaka. Namiura ina miaka mia nne, alisema, na mji wetu huu ulianzishwa baada ya vita.

— Huyo si dada. Huyo ni bibi. Tumedanganywa tangu kwenye ukoo.

— Na kwa nini dada, asiwe kaka? — Beltwei akauliza.

Muhula akajibu kwamba hapo ndipo uchumi unapoingia. Japani ardhi inaishia baharini, haina pa kupanuka. Kwa hiyo unatafuta dada bara, unamwozesha, halafu mahari unadai shamba. Damu nzito kuliko maji, akasema, na ndiyo maana wanakuja kwa ndege.

Mama Chupa alimimina kahawa akamwambia anywe kabla akili haijapoa. Lakini Beltwei alikuwa ameshashika wale kina mama wazamiaji. Kwa hesabu yake, mtu wa kawaida hawezi kukaa chini dakika mbili. Lazima wana pafu la akiba, kama la wakimbiaji wa kwao. Watu wa Namiura na watu wa Kericho ni ndugu waliopotezana, mmoja akashika mlima, mwingine akashika maji. Alitaka Meya awaulize wageni kama kwao nako wanakunywa mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu.

Kilichowatatiza kabisa ni ile chemchemi. Elkanah alisoma kwamba huko watu huoga bila nguo, wanaume upande wao na wanawake upande wao.

— Kama mji ni dada yetu, wanaume wake ni mashemeji na mabamkwe — Elkanah akasema polepole. — Mimi Mmaragoli. Bamkwe hata kumshika mkono ni shughuli. Nikialikwa huko nitaoga naye vipi?

— Wahenga walishakujibu — Muhula akasema. — Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Wakati huo mama mmoja mfupi, mwenye kofia ya jua na mfuko wa nguo chafu, alikuwa amevuka barabara kutoka hoteli ya ng'ambo. Alisimama mbele ya benchi akakitazama kijitabu mkononi mwa Elkanah, kisha akaonyesha kidole kwenye picha ya ngisi. Kwa Kiingereza cha polepole, kama alichokuwa nacho Elkanah mwenyewe zamani zile, akasema ile ni kamba ya nyumbani kwao. Jina lake Bi Nishioka, mmoja wa wale wageni wanne.

Elkanah aliinuka akavua kofia. Yote aliyokariri yakamtoka kinywani kwa pamoja: mnara, ngazi mia moja thelathini na moja, soko, vidole, jabali. Mama yule alicheka hadi akaweka mfuko chini. Alimwambia ngazi zimebaki mia moja ishirini na tisa, mbili zilivunjwa na dhoruba. Beltwei alifungua kinywa kuulizia bamkwe na maji moto, Mama Chupa akamkanyaga mguu.

Wakampisha akae, wakampa kahawa. Akanywa, akatazama magari yanavyopita, akauliza:

— Na hapa kwenu, kuna nini kizuri cha kuona?

Muhula akawahi kutaja majumba makubwa ya Washington.

— Huko tulikwenda jana — Bi Nishioka akasema. — Nauliza hapa. Kwa dada yetu.

Elkanah alipekua kichwani miaka yake tisa ya kuishi hapo. Alijua kila pipa la mji ule na siku yake, alijua ni nyumba gani ina mbwa. Mahali pa kusimama tu na kutazama hakupajua.

— Kesho saa nane nitakuonyesha — akasema.

Mama yule akaandika saa kwenye kidaftari, akashukuru kwa kuinama, akaingia ndani na nguo zake.

Watu walioijua Japani kwa saa tatu mfululizo sasa walikumbuka shughuli. Muhula alikuwa na mashati kwenye mashine ya kukaushia, Beltwei alikuwa na abiria wa Woodbridge. Mama Chupa aliitikisa chupa, ikawa tupu. Akamwambia Elkanah kwa sauti ya chini kwamba na yeye mwenyewe hajui pa kumpeleka mgeni, kisha akaenda kwa mzee anayemtunza.

Elkanah alibaki amesimama. Kulia ilikuwa barabara ya kurudi kwake. Kushoto, nyuma ya duka, palikuwa na kijia kilichoingia kwenye miti. Pale kijia kilipoanzia alikuwa akichukua pipa kila Alhamisi, na hakuwahi kwenda mbele ya pipa hilo. Akachomeka kijitabu mfukoni, akashika kushoto.