Jicho la Bi Macho na Bundi Wake

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyeachiana naye ziwa, na familia imenituma niwasomee historia yake, ila naona wengi mnaitazama ile picha iliyo juu ya jeneza na kunong'onezana kwamba kope la kushoto limeshuka, na kwamba familia yenye studio ingeshindwaje kulirekebisha. Nimewasikia, masikio ninayo, na nitawajibu, lakini twende hatua kwa hatua.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba yetu, fundi wa taa za reli, na mama yetu, mshonaji. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, ambako walimu walilalamika kila muhula kwamba anatazama sana dirishani, wala hakuna aliyemuuliza anatazama nini. Alikuwa akitazama ndege.

Januari 1979 aliajiriwa katika studio ya picha iliyo nyuma ya posta, akaanza kwa kufagia chumba cha giza, akapanda hadi kusafisha picha kwa brashi yenye nywele chache kuliko kichwa cha mwenye studio, na Julai 1990 mzee huyo alipostaafu alimwachia studio. Hapo ndipo alipopewa jina la Bi Macho, kwani ukifumba macho kwenye picha ya harusi, yeye aliyachukua macho yako kutoka picha nyingine na kuyapandikiza, usijue kitu, na nusu ya watu waliokaa hapa wamefumbuliwa macho na dada yangu, mwenyekiti wetu wa mtaa akiwa amefumbuliwa mara mbili.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yangu, seremala, aliyeitwa studio kutengeneza meza, na meza hiyo ikachelewa kuliko meza yoyote aliyowahi kutengeneza. Mungu aliwajalia kifungua mimba wa kiume mwaka 1986, ambaye leo ni mwalimu, na kitinda mimba wa kike mwaka 1996, anayeendesha studio sasa, pamoja na wajukuu watatu.

Mwaka 2003 shemeji alimzawadia lenzi ndefu, akidhani atapigia picha za harusi, kumbe amejitafutia balaa mwenyewe. Bundi akilia watu hufunga madirisha, dada yangu alifungua. Jioni jua likielekea kuzama alikwenda makaburini, haya haya tunayoelekea leo, ambako bundi walikaa kwenye mti mkubwa karibu na lango, naye shemeji akimfuata na stendi ya kamera begani, akiomba dua kimoyomoyo na kupiga chafya wakati usiofaa. Kesho yake dada alikaa mbele ya kompyuta, akapunguza giza, akaondoa chembe za vumbi, akamtoa bundi kivulini unyoya kwa unyoya, na chai ikapoa pembeni.

Miongoni mwa bundi hao alikuwapo mmoja ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu, halioni, na yule kitinda mimba alimwita "bundi wetu". Septemba 2005, akiandaa picha ya bundi huyo kwa maonyesho ya ukumbi wa mji, mazoea ya kazi yalimponza, akalinakili jicho la kulia lililo zima, akaligeuza, akalipandikiza mahali pa lile bovu, na picha ikashika nafasi ya kwanza. Watu wakapiga makofi, na binti yetu, mwenye miaka tisa, akasimama mbele ya picha na kuuliza, "Mama, huyu si bundi wetu. Wetu yuko wapi?"

Dada alikwenda kwa majaji akawaeleza alichofanya, akaishusha picha ukutani kwa mikono yake, na ushindi ukaenda kwa picha ya daraja. Alilia njia nzima kurudi nyumbani, nilikuwapo, na wiki iliyofuata alitundika studio picha ya bundi mwenye jicho lake la ukungu, ipo hadi leo. Tangu hapo hakumpa ndege yeyote kitu asichokuwa nacho, ingawa maharusi aliendelea kuwafumbua, kwa hoja kwamba bibi harusi ameomba, bundi hajaomba.

Tarehe 17 Mei 2022 alipatwa na kiharusi, kope la kushoto likashuka, naye akatutania kwamba sasa amefanana na rafiki yake wa makaburini. Picha hii alipigwa na binti yake siku ya kuzaliwa kwake mwaka jana, akicheka mpaka kitambaa kikateleza kichwani. Aliaga dunia hospitalini tarehe 2 Februari 2024, alfajiri, shemeji akiwa amemshika mkono.

Juzi wengi wetu, nami nikiwamo, tulitaka aonekane kama zamani, na binti yake akalifungua lile jicho kwenye kompyuta, kazi safi, mkono wa mama yake kabisa. Tukamwita shemeji, akaitazama picha, kisha akasema, "Mwanangu, umemtengeneza vizuri sana. Lakini mimi namzika mke wangu, na huyu simjui." Binti, yule yule aliyemuulizia bundi wetu, akalia, akalirudisha jicho kama lilivyokuwa. Hilo ndilo jibu langu kwenu mnaonong'ona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotupikia na kulala nasi, wapiga picha wenzake, na mlinzi wa makaburi, aliyemfungulia lango miaka yote hiyo bila kuuliza maswali.

Dada yangu, tuliokufahamu tunakuona ulivyokuwa, nasi tumeridhika. Fumba macho yote mawili sasa, hakuna atakayekufumbua. Pumzika kwa amani.