Marehemu Delmar Treadway (1941–2023), Fundi wa Kiti Chenye Masikio

Marehemu Delmar Ray Treadway alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika kaunti ya Yadkin, North Carolina. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Amos Treadway, mkulima wa tumbaku, na mama Lula. Waliokua naye wanasema hakupewa kitu cha kuchezea ambacho hakukifungua kwanza aone ndani kuna nini.

Alisoma shule ya kaunti hadi darasa la kumi, akaacha mwaka 1957. Hakufukuzwa, ingawa mwalimu mkuu naye hakumbembeleza abaki. Aliajiriwa kiwanda cha samani, na jioni akawa hatoki gerejini, kule walikofumua magari ya barabarani na kuyaunda upya kwa ajili ya mbio. Mwaka 1970 alifungua gereji yake nyuma ya nyumba.

Tarehe 1 Juni 1963 alifunga ndoa na Bi. Verna Shumate katika kanisa hili hili la Kibaptisti. Walijaliwa watoto wawili: Glenda, anayesoma wasifu huu, na Royce.

Kila fundi wa mbio husoma kitabu cha kanuni. Delmar alikisoma akitafuta yale ambayo hayakuandikwa. Alichobuni mwaka huu kilipigwa marufuku mwaka ujao, na yeye aliona hiyo ndiyo sifa yake. Mwaka 1971 kanuni zilitaka gari lipimwe kimo kabla ya mbio, lisiwe chini mno. Marehemu akabana vipande vya sabuni ya kufulia kwenye springi. Gari likapita ukaguzi limenyanyuka vizuri, kisha kwenye kona za mwanzo sabuni ikapondeka, likalala chini na kushika njia kuliko mengine yote. Lakini manyunyu yakaanguka, na mkaguzi mkuu, Burl Sizemore, akalikuta linatoa povu.

"Delmar, gari lako linaoga?"

"Kitabu hakijakataza kuoga, bwana."

Bi. Verna yeye aliuliza tu nguo za wiki ile zitafuliwa na nini. Mwaka uliofuata ikaongezwa kanuni kuhusu springi, na Delmar akahamia kwenye kitu kingine.

Royce alipoanza kuendesha magari ya baba yake, mambo yalibadilika. Delmar alikwisha kuona dereva akitolewa garini bila mchubuko hata mmoja, shingo imevunjika. Kiangazi cha 1990 alijifungia gerejini, akachomelea kiti cha aluminiamu chenye mabawa mawili ya kukumbatia kichwa. Royce aliyaita masikio. Hayakuongeza kasi hata kidogo. Kwa mara ya kwanza Delmar alikuwa ametengeneza kitu kisicho na hila ndani yake.

Jumapili ya tarehe 14 Oktoba 1990 walikipeleka uwanja wa Cutler Creek. Burl aliingiza kichwa dirishani mwa gari, akakigongagonga kile kiti.

"Safari hii umeficha nini?"

"Sijaficha kitu, Burl. Ni cha kulinda shingo ya mtoto."

"Na ile sabuni ilikuwa ya kumlinda nani?"

Mafundi waliosimama pale wakacheka, na Delmar mwenyewe, Mungu amsamehe, akacheka nao.

"Umejaza madini ya risasi humo upate uzito upande wa kushoto, gari likate kona," Burl akasema. "Nakujua wewe. Kata hayo masikio, la sivyo gari lirudi kwenye lori."

Delmar akamgeukia mwanawe. "Twende zetu nyumbani."

"Kata tu, Baba. Mbona siku zote nakimbia bila masikio?"

Delmar akachukua msumeno, akakata. Mabawa yalipoanguka watu wote waliona kwamba ndani hamna kitu, ni bati tupu. Burl aliona pia. Lakini magari yalikuwa yanaitwa, na kilichokatwa kimekatwa.

Tairi la Royce lilipasuka kwenye kona ya tatu, gari likaupiga ukuta kwa ubavu. Alitolewa bila mchubuko.

Baada ya mazishi Burl alikuja nyumbani, akasimama barazani, kofia mkononi.

"Delmar, laiti ningekuamini."

"Ungeniaminije? Nimekudanganya maisha yangu yote."

Burl akavaa kofia yake, akaondoka. Mwaka uliofuata kitabu kipya cha kanuni kilikuja kwa posta. Kiti chenye mabawa ya kichwa sasa kilikuwa lazima kwa kila gari. Marehemu alikisoma kipengele hicho jikoni amesimama, kisha akaenda kufunga gereji. Miaka yote iliyobaki alitengeneza mashine za kukatia majani. Tulimwambia si kosa lake. Tulimwambia mara nyingi mno, wala haikusaidia kitu.

Mwaka 2019 alianza kuugua mapafu, kwa sababu ya moshi wa kuchomelea. Alikataa kurudi hospitalini mara ya mwisho, akafariki nyumbani Alhamisi, tarehe 2 Februari 2023.

Ameacha mjane, Bi. Verna, binti, Glenda, na mumewe Carlton, na wajukuu watatu. Ameacha pia madereva wengi asiowajua, waliougonga ukuta na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni na baba zao. Kila alipoletewa habari zao, aliinuka akatoka nje.

Bwana ampumzishe, na ampe usingizi alioukosa tangu Jumapili ile.