Dada Yetu Kisu na Safu ya Kwanza

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mimi ni mdogo wake wa kiume, yule wa buchani. Familia imenipa kazi hii kwa sababu nina sauti kubwa. Nimeombwa pia nisome kwa upole, na nitajaribu.

Marehemu dada yetu, ambaye karibu wote hapa mlimwita Kisu, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1978, mtoto wa kwanza wa mchinjaji na mshona nguo. Tuliishi nyuma ya bucha. Alijifunza kutambaa kwenye sakafu iliyomwagiwa maji kila jioni kuondoa damu, na alishika kisu kabla ya kushika kalamu. Marehemu baba alimfundisha kujua kwanza sehemu anayoitaka, ndipo akate. Akiwa na miaka saba alikuwa akitoa figo bila kugusa kitu kingine chochote, na mteja aliyemwita "katoto" alijuta.

Alianza shule ya msingi mwaka 1985 na kumaliza 1991, na humo katikati alisimamishwa mara mbili kwa kupigana. Mara ya pili ni kwa ajili yangu. Mvulana mmoja mkubwa alinichania daftari, na marehemu akamng'oa jino. Mwalimu wa hisabati alipomuuliza kama anajuta, alijibu, "Ndiyo mwalimu. Nilikusudia lile la pembeni yake." Mwalimu alishindwa kuzuia kicheko, akamwekea kiti mbele darasani, na kuanzia siku hiyo hasira zake zote zikaingia kwenye namba. Alihitimu shahada ya kompyuta mwaka 2002.

Mwaka 2003 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, na hakuondoka huko tena. Kwa wasiojua, tanuru lile ni mnyama. Tumboni mwake kuna chuma kilichoyeyuka, na usiku na mchana kinautafuna ukuta kikitafuta pa kutokea. Ukuta umepachikwa vipimajoto: tabaka nane kwenda juu, safu kumi na mbili kuuzunguka, na kila kimoja hutoa namba kila dakika. Namba hizo zote hukaa pamoja kwenye kompyuta, zimepangwa kwa tabaka, kwa safu na kwa dakika. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuzisoma zote. Kazi ya marehemu ilikuwa kuandika programu inayokata kipande kinachotakiwa, kwa mfano tabaka mbili za chini, safu zote, saa moja iliyopita, na kukiangalia. Joto likizidi hapo, king'ora kinalia na watu wanakimbia. Alikuwa na mwiko mmoja: kila akikata, aliiuliza kompyuta kipande kina umbo gani. Tabaka ngapi, safu ngapi, dakika ngapi. Kijana wa ofisini aliyeruka hatua hiyo alipigiwa rula ya chuma mezani, sentimita moja kutoka vidoleni. Na alikuwa akilenga.

Ndoa yake ilianza kwa vita. Shemeji yetu, fundi umeme wa kiwanda, aligeuza nyaya za vipimajoto viwili, na marehemu alishinda siku nzima akitafuta kosa kwenye programu yake. Alipogundua, alimrushia kikombe. Shemeji husema kikombe kilimkosa ila chai ilimpata. Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 2006 na wakajaliwa watoto wawili, binti na mvulana. Nyumba yao ilikuwa na kelele nyingi na mapenzi mengi, na sisi tulipenda kwenda kula huko.

Sasa nafika mahali ambapo nimeshauriwa niandike kwamba marehemu "aliugua kwa muda mfupi". Dada yangu hakuugua. Alichomwa.

Julai mwaka huu wa 2023, akiwa likizo, makao makuu yalileta mhandisi kuihamishia programu yake kwenye lugha mpya ya kompyuta. Lugha ya zamani ilianza kuhesabu kwa moja. Hii mpya huanza kwa sifuri. Marehemu alikuwa ameandika "kuanzia safu ya moja", na mhandisi aliyaacha maneno hayo vilevile, akaona yapo sawa. Lakini kwenye lugha mpya, safu ya kwanza inaitwa sifuri, na moja ni ya pili. Safu ya kwanza ikabaki nje ya kipande. Ndiyo safu iliyo kando ya mdomo wa tanuru, mahali chuma kinapotokea na ukuta unapoliwa upesi kuliko kwingine. Kompyuta haikulalamika, kwa sababu iliombwa kipande na ilitoa kipande. Hakuna aliyeuliza umbo.

Alhamisi tarehe 3 Agosti marehemu alirudi kazini. Kabla hajavua koti aliuliza umbo, akajibiwa safu kumi na moja. Akaikata ile iliyokosekana peke yake, na joto lake lilikuwa limeshapita kiwango. Mwenzake wa ofisini anasema alitoa tusi ambalo sitalisoma hapa, akashuka ngazi mbio.

"Zima! Toa watu wote!" alimwambia msimamizi wa zamu.

"Dada, tulia. Mbona kompyuta haijalia?"

"Haijalia kwa sababu haioni!"

Msimamizi alitaka kwanza apige simu juu. Marehemu alimsukuma ukutani, akavunja kioo cha king'ora kwa kiwiko, kisha akaingia mwenyewe kufukuza watu. Aliwapiga kwa fimbo ya chuma, mgongoni na miguuni, kila aliyesimama kuuliza kulikoni. Mwendesha winchi aligoma kuacha mzigo ukining'inia, naye akala ngumi ya uso. Yuko hapa leo, taya limevimba, na ameniambia hajawahi kupigwa ngumi tamu kama ile. Alikuwa wa mwisho kusukumwa nje. Ukuta ulipasuka palepale penye safu ya kwanza. Chuma kilitapikwa nje, kikakutana na maji ya kupozea, na mlipuko ukang'oa paa. Wote walitoka salama isipokuwa dada yetu.

Aliishi hospitalini hadi asubuhi ya Jumatano tarehe 9. Nilimshika sehemu pekee iliyoshikika, kisigino cha kushoto. Siwezi kuwadanganya kwamba alikuwa ametulia. Alipopata sauti alisema jambo moja tu, akalirudia mpaka akaishiwa pumzi: "La pili, mdogo wangu. Wazime la pili."

Maana kiwanda kina tanuru la pili. Linaangaliwa na programu ileile, na safu yake ya kwanza haijaonwa na mtu tangu Julai. Makao makuu yamesema programu isiguswe mpaka uchunguzi uishe, ila uzalishaji uendelee. Nilipoambiwa maneno hayo nilikuwa buchani nimeshika panga, na namshukuru Mungu niliambiwa kwa simu.

Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili na mdogo wake mmoja. Ameacha pia wafanyakazi wa zamu ya jioni, mliokaa pale nyuma na magwanda yenu, ambao saa kumi mnatakiwa mwingie kwenye tanuru la pili.

Meneja wa kiwanda ameketi mstari wa mbele, na tunamshukuru kwa kufika. Bwana meneja, mama yetu amesema mwili haushuki kaburini mpaka upige simu kiwandani, hapa, kwa sauti, sote tukisikia tanuru la pili linazimwa. Wachimba kaburi wamekwishaweka sepetu chini. Jua ni kali na mama ni mzee, lakini hatuondoki.

Ukimaliza kuongea, tutamzika dada yetu, naye apumzike. Kwa amani, safari hii.