Mkate Uliovimba kwa Jina la Bajrang

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za vyombo huko jikoni. Leo tunaye mgeni ambaye hatasema neno. Tunamkumbuka Hausabai Gund wa Pimpalwadi, wilaya yetu ya Solapur. Hausabai ametutoka. Mama wa mkate wa mtama ametutoka. Wengi wenu mnaijua sauti yake, na wengi zaidi mnaijua sauti ya mikono yake.

Pa, pa, pa. Pa, pa, pa. Mnaikumbuka?

Hebu fumbeni macho. Ni msimu wa baridi, mtama umekauka mashambani, majani yake yanasuguana kama watu wanaonong'ona. Moshi umelala juu ya mapaa na hautaki kwenda popote. Hausabai amechuchumaa mbele ya jiko la udongo, sari amechomeka kiunoni, na kiganja chake kinazungusha donge la unga kwenye sinia la mti. Donge linakuwa duara. Duara linakuwa mwezi. Hapimi, hakunji, hatumii kifimbo. Ni kiganja tu na unga mkavu kidogo.

Aliolewa Pimpalwadi akiwa msichana, na huko alikozaliwa walikuwa wakisema mkono wake umezaliwa umeshajifunza. Mumewe ni mzee Sopan Gund, mkulima wa mtama, mtu wa utani mwingi na maneno mazuri machache. Kama wake wote wa rika lake, Hausabai hakuwahi kulitamka jina la mumewe. Alimwita baba Bajrang. Kwa maana mtoto walijaliwa mmoja tu, naye ndiye Bajrang.

Wasikilizaji wapendwa, Bajrang ndiye habari yetu. Mama huyu na mwanawe, na mkate mmoja ambao haukuliwa.

Ninyi mnajua jinsi sisi wa huku tunavyowatania vijana ambao bado hawajapata kazi. "Mvunja mikate ya bure." Kila baba amewahi kulisema. Kila kijana amewahi kuambiwa, akacheka, akaendelea kula. Sopan naye alimtania mwanawe hivyo kila siku, na Bajrang alimjibu, "Bure ndiyo tamu, baba!" Basi wanacheka wote.

Lakini siku ile Bajrang alikuwa ametoka mjini. Alikwenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha mablanketi, wakamrudisha langoni mbele ya watu. Hakumwambia mtu. Alinawa mikono, akakaa, mama akamwekea mkate, pilipili ya kutwanga na kitunguu alichokiponda kwa ngumi. Sopan akaingia kutoka shambani, akavua kilemba, akacheka.

"Haya! Mvunja mikate ya bure yuko kazini!"

Bajrang hakucheka. Kipande kilikuwa kimeshafika mdomoni. Akakirudisha kwenye sahani.

Wakati huohuo Hausabai alikuwa akiutoa mkate wa pili kwenye makaa, umevimba mzima, hauna hata tundu. Akasema, "Mwanangu, pokea huu, bado unapumua." Alipogeuka, pale mbele ya sahani hapakuwa na mtu. Viatu vilikuwa vimeshaondoka mlangoni.

Aliondoka na njaa yake, akaenda zake Mumbai. Hilo ndilo lililomkaa Hausabai moyoni. Mtoto kwenda Mumbai si ajabu, nusu ya vijana wetu wako huko. Mtoto kugombana na babake si ajabu. Lakini mtoto kunyanyuka kwenye sahani ya mamake na njaa yake, hilo Hausabai hakuweza kulimeza.

Bajrang alikuwa akipiga simu kwa jirani wakati wa sikukuu ya taa. Maneno yenyewe ni yale yale.

"Unakula, mwanangu?"

"Nakula, mama."

"Unakula nini?"

"Nakula tu, mama. Hoteli zipo."

Hausabai anairudisha simu kwa jirani, anakwenda zake jikoni, na haamini hata neno moja.

Sasa mnajua kile wanachosema mama zetu. Mkate ukivimba, yule uliyempikia ana njaa. Ukilala bapa, ameshiba. Basi Hausabai akaanza kuutenga mkate mmoja kila siku. Anaupiga, anautupa kwenye kikaango cha chuma, anaupaka maji usoni kwa kiganja, na kabla ya kuugeuza anasema polepole, "Huu ni wa Bajrang." Kisha anauegemeza kwenye makaa, anautazama.

Unavimba.

Kila siku unavimba. Utaachaje kuvimba, wakati aliyeupiga ni Hausabai? Mikono ile haikujua kupika mkate uliolala! Alijaribu kuharibu. Alitia maji baridi badala ya moto. Aliupiga upande mmoja mnene, upande mmoja mwembamba. Mkono ukapita wenyewe ukasawazisha. Wasikilizaji wapendwa, ufundi wake ndio uliokuwa ukimtesa.

Thakubai, mke wa shemeji yake, ambaye walipika jiko moja maisha yao yote, alimgombeza. Mwenyewe ametusimulia.

"Nilimwambia, dada, wewe mikate yako yote inavimba! Hata ukimpikia paka inavimba! Sasa paka naye yuko Mumbai na njaa?"

"Na yeye alisemaje, mama Thakubai?"

"Alicheka. Halafu akaufunga ule mkate kwenye kitambaa, akaenda kukaa barabarani."

Huko barabarani alimpa mkate yeyote aliyepita. Wakata miwa walipewa. Muuza bangili alipewa. Mganga wa ng'ombe alipewa, ingawa alikuwa ameshiba mpaka anahema. Hausabai aliamini kuwa akimlisha mtu hapa, huko Mumbai kuna mama atamlisha wake. Sopan alikuwa akiyaona hayo akiwa kwenye kibaraza chake, na hakutania tena. Mzee yule alipoteza utani wake wote kwa neno moja.

Ndipo alipokuja kwetu. Kipindi chetu cha jikoni kilikuwa kikitafuta mama wa kufundisha mkate wa nyumbani, ule rahisi, usio na hamira wala tanuri. Akaletwa Hausabai. Akakaa mbele ya kipaza sauti na sinia lake, akakitazama kile kipaza sauti kama mtoto wa jirani asiyemjua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimhoji, na leo nacheka nikikumbuka.

"Mama, tunaanza na unga kiasi gani?"

"Wa mtu mmoja."

"Wasikilizaji wetu wana familia, mama."

"Nimesema wa mtu mmoja."

"Sawa. Na hamira tunatia lini?"

"Hamira ya nini? Unataka kuulewesha? Huu unainuliwa na mvuke wake mwenyewe. Chemsha maji. Yamwage kwenye unga yakiwa yanachemka, koroga na kijiti, subiri mkono uweze kuvumilia. Halafu ukande kwa kisigino cha kiganja. Ukande kweli. Mtama hauna mshiko kama ngano, ukiuonea huruma unakukatikia."

"Na asiye na sinia la mti?"

"Apindue sahani ya bati."

"Na mkono ukiwa haujazoea?"

"Achukue mfuko wa nailoni, aupake maji, apige juu yake. Utapasuka pembeni. Asiogope. Uliopasuka nao ni mkate. Asiende kula hotelini vitu vya mafuta ya juzi. Jiko la mchina linatosha. Chumba kidogo kinatosha."

Nilijiuliza kwa nini mama huyu anawasahau akina mama wote wa wilaya, anamfundisha mwanamume anayeishi peke yake chumbani. Nikamuuliza swali la mwisho.

"Na ukivimba, mama?"

Akanyamaza. Redio ilinyamaza yote. Fundi wetu wa mitambo alinyanyuka kitini akidhani waya umekatika. Kisha Hausabai akasema, "Ukivimba, ale. Ale hapohapo ukiwa wa moto. Asimngoje mtu."

Na akapiga mkate, pa, pa, pa, mpaka muda wetu ukaisha.

Baada ya mavuno ya mwaka huu homa ikamshika. Hakuweza kuchuchumaa. Akamwomba Thakubai, "Leo mpikie wewe Bajrang, niletee niuone." Thakubai si mpishi mbaya, lakini si Hausabai, na mwenyewe anakubali. Akaupiga mkate, akasema maneno yanayosemwa, akauegemeza kwenye makaa. Mkate ukalala pale kama kitambaa kilicholoa. Akamletea.

"Aliushika, akaugeuza," anasema Thakubai. "Akaubonyeza kwa kidole. Haukuwa na pumzi hata kidogo. Dada akatabasamu. Akaniambia, ameshiba. Thaku, mwanangu leo ameshiba. Halafu akalala. Siku zote nilikuwa naionea aibu mikono yangu, siku hiyo niliibusu."

Hausabai hakuamka tena. Alikwenda akiwa na furaha, wasikilizaji wapendwa, na furaha ile ilitokana na mkate uliokosewa.

Bajrang aliletwa na treni. Alifika amekonda, ndevu zimemjaa, akakuta moto wa nyumbani umezimwa, maana nyumba yenye msiba hatuwashi jiko. Majirani ndio wanaoleta chakula. Wakamletea, hakukigusa. Sopan alikuwa amekaa upande mmoja wa kibaraza, Bajrang upande mwingine. Siku zikapita hivyo. 

Ikafika siku ya kumi, siku ya kumpelekea marehemu chakula mtoni. Asubuhi hiyo Thakubai alikuwa uani akifunga vitu vya kupeleka mtoni, na kutoka jikoni kwa jirani akasikia pa, pa, pa. Akaviacha chini. Mwendo ulikuwa ni ule ule. Aliposogea mlangoni akamwona Bajrang, kichwa kimenyolewa kwa msiba, amechuchumaa, anapiga mkate wa mtama juu ya sahani ya bati iliyopinduliwa. Wanawake waliomzunguka wamejiziba midomo kwa sari. Hakuna aliyethubutu kumcheka.

"Nani amekufundisha?"

"Mama," alisema Bajrang. "Chumbani kwetu kuna dereva mmoja wa Barshi, alikuwa na kile kipindi kwenye simu yake. Nilimsikia mama. Mama mdogo, tangu siku ile napika mwenyewe. Kila nikipika nasema, kesho nitakwenda nyumbani. Kesho yake naona aibu."

Mkate wake ulikuwa umepasuka pembeni. Wakaupeleka mtoni, wakauweka juu ya jani, pamoja na pilipili na kitunguu, kando ya donge la wali la marehemu. Wakarudi nyuma, wakasubiri kunguru.

Kunguru walikuwepo. Walijaa kwenye mti. Wakatazama, hawakushuka.

Mnajua maana yake. Kunguru asiposhuka, marehemu ana jambo lililombana. Basi watu wakaanza kuahidi. Thakubai akaahidi kumtunza nyati wa maziwa wa Hausabai. Jirani mmoja akaahidi kurudisha sufuria aliloazima, watu wakageuka kumtazama. Shangazi akaahidi kumtafutia Bajrang mke. Kunguru kimya. Jua likapanda. Thakubai akaanza kulia, "Nilimdanganya mimi! Niliupika vibaya, akaenda akidhani mtoto ameshiba. Sasa amejua!"

Ndipo mzee Sopan aliponyanyuka. Akaenda mpaka kwenye jani, akauchukua mkate. Watu wakaguna. Mtumishi wa ibada akapaza sauti, "Mzee, weka! Kabla kunguru hajagusa, mtoto wa marehemu hali kitu. Si desturi!"

"Nitaulizwa mimi," alisema Sopan.

Akaukata katikati. Nusu akairudisha kwenye jani. Nusu akaenda nayo kwa mwanawe, akachuchumaa mbele yake, magoti yakilia, akamnyooshea.

"Kula, Bajrang."

Bajrang akamtazama babake. Akapokea. Akala mkate mkavu, bila maji, machozi yakishuka mpaka mdomoni, akatafuna mpaka mwisho. Alipomeza kile kipande cha mwisho, kunguru mmoja alishuka, akatembea mchangani bila haraka, akauchukua mkate wa Hausabai.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu wote wa redio hii, natoa pole kwa mzee Sopan, kwa Bajrang, kwa mama Thakubai na ukoo wote wa Gund. Pole kwa Pimpalwadi. Pole kwa nyote mliojifunza kwa Hausabai kupiga mkate wa mtu mmoja. Nanyi mlioko nyumbani, tafakarini pamoja nami. Pengine kwenye sahani zenu kuna mtu aliyenyanyuka na njaa yake kwa neno lililokuwa utani. Msimsubirishe mpaka siku ya kumi.

Sopan na Bajrang walirudi kutoka mtoni kwa miguu. Jioni hiyo jiko liliwashwa tena, na aliyekanda unga alikuwa mzee Sopan. Thakubai anasema ulikuwa mkate mbaya kuliko wote aliowahi kuuona Pimpalwadi, na Bajrang aliomba aongezewe.