Sekunde Tatu za Tangazo

Ndani ya tramu ya mji wa Kochi, Japani, mzee Kuramochi alijifanya anasoma gazeti, masikio yote yakiwa kiti cha mbele. Hapo Bi Hamaguchi, mpishi wa vyakula vya msibani, alikuwa amembana kijana aliyemuuzia mashine ya faksi.

"Tangazo lenu lilisema ukurasa mmoja, sekunde tatu. Leo nimesubiri dakika mbili, mara ikakata! Sasa naipeleka oda mwenyewe kwa mkono. Soko la samaki linafunga oda saa kumi, na kesho nina waombolezaji arobaini. Niwape wali mtupu?"

"Mama, sekunde tatu ni za ukurasa wa majaribio, wenye maneno machache. Tena hatuhesabu muda wa mashine mbili kusalimiana."

"Kumbe inakimbia ikiwa haina la kusema!"

Kuramochi alikumbuka pasi, redio na mawaziri walionadiwa hivyohivyo tangu ujana wake. Akasaga meno.

Kijana akachungulia karatasi aliyoishika yule mama. "Lakini samaki wapo mstari wa mwisho! Huku juu kote ni salamu za baridi, maua, afya ya mke wa muuza samaki..."

"Ulitaka nimwagize samaki kama ninayemfokea mbwa?"

"Futa salamu, mama, itaruka."

"Futeni kwanza tangazo!"

Tramu ikasimama sokoni. Zilibaki dakika mbili kufika saa kumi.

"Kimbia, mama!"

Bi Hamaguchi akafika mlangoni, akasimama, akamwinamia dereva, akamshukuru kwa safari, kisha akamuuliza mgongo wake unaendeleaje.