Pale Kaseti Ilipogeuzwa

Kama unatafuta watu wenye kazi Jumapili saa tisa, usije kwa Idarous. Benchi yake iko hapa Majengo, Thika, nyuma ya msikiti, na kahawa yake ina tangawizi ya kuamsha maiti. Hapo ndipo tunakaa. Kuna Gichuru, tunamwita Betri, fundi wa redio ambaye hajawahi kununua betri mpya. Anaanika zile kuukuu juani mpaka zipate aibu zifanye kazi. Kuna Zuhair muuza mitumba, tunamwita Profesa kwa sababu ya maneno mengi. Na kuna Erastus, tunamwita Mbele, kwa kuwa kila densi iliyowahi kuchezwa kutoka hapa mpaka Nairobi, yeye anasema alikuwa mbele kabisa, karibu na spika. Kinachotuweka pamoja ni kaseti moja: Mkonge Jazz, wakipiga laivu kwa holi ya Ruiru, mwaka wa sabini na tatu, kabla hawajaenda mjini kuharibiwa.

Maana huko mjini waliharibiwa, usibishe. Waliingia studio wakaambiwa wimbo ni dakika tatu, mwisho. Mkonge Jazz! Watu ambao kwa hiyo kaseti yetu wanapiga wimbo mmoja, “Fungua Geti”, upande mzima. Maneno yenyewe ni mistari miwili, halafu Nzioka anachukua gita na hawaimbi tena mpaka upande wa pili ukikaribia kuisha. Kaseti inaisha akiwa bado anapanda. Mwenye kurekodi akaigeuza. Upande wa pili ukianza, watu wanapiga kelele kama bao limeingia, na gita iko mahali pengine kabisa, juu, inacheka. Sasa hapo katikati, kaseti ikigeuzwa, kulitendeka nini? Hiyo ndiyo kesi yetu. Tumeisikiza miaka na miaka na hatujatoa hukumu.

Jumapili hiyo Idarous alikuja na birika mkono mmoja, na nyuma yake mwanamke wa miaka kama thelathini hivi, amevaa nguo ya kanisa.

Idarous: Wazee, huyu ni Dianah. Ametoka Mwiki. Babake ni Nzioka.

Betri: Nzioka gani?

Idarous: Kuna Nzioka wangapi? Wa gita.

Haiya! Profesa alimeza kahawa ya moto bila kutaka. Mimi nilisogea nikampa nafasi kwa benchi, na si kawaida yangu.

Dianah: Habari zenu, wazee. Nimeambiwa hapa kuna watu walikuwa kwa ile densi ya Ruiru.

Mbele: Umefika, mama. Hapa ndio kwenyewe. Mimi nilikuwa mbele kabisa.

Dianah: Asante Mungu. Mimi babangu sikumjua. Alikufa sijaanza kutambaa. Hakuwa amemuoa mama, watu wao siwajui, picha hakuna. Mama naye alikuwa hataki hata kumtaja, na mwaka jana akatuacha. Sasa mtoto wangu wa pili nimempa jina lake, si mnajua sisi Wakamba, kijana wa pili huchukua jina la babake mama. Ako standard one. Kila siku ananiuliza, huyu Nzioka mwingine alikuwa aje? Namwambia alipiga gita. Anasema, eeh, lakini alikuwa aje? Sina kitu ya kumwambia.

Betri: Pole sana, Mama Nzioka.

Nilimwonea huruma kweli. Nilimwonea na wivu kidogo, sitaficha, kwa sababu babangu mimi alikuwa karani wa kupima kahawa na hakuna mtu amewahi kumrekodi.

Betri akatoa kaseti kwa ile soksi anaifungia. Akairudisha nyuma na kalamu ya biki, akiizungusha polepole, kwa sababu kurudisha na redio ni kumaliza betri. Akabonyeza.

Betri: Sikiza hiyo chupa. Kuna mtu anakwaruza chupa ya soda na kijiko. Kwa studio waliitoa, wakasema ni uchafu.

Profesa: Studio ni kuogesha samaki na sabuni.

Betri: Sasa, sasa... hapo! Umesikia huyo mama akisema “Ongeza”?

Mbele: Alikuwa nyuma yangu.

Idarous: Nyamazeni asikize babake.

Tukanyamaza, na kunyamaza kwetu ni kama dakika mbili. Nzioka alikuwa anapanda ile ngazi yake. Anaenda hatua tatu, anarudi moja, anauliza kitu, anajijibu mwenyewe. Dianah alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Mimi hiyo kaseti naijua mpaka kikohozi, lakini siku hiyo niliisikia kama ni mpya, na nilifurahi sana kuwa hai na kukaa hapo. Halafu, kab! Kaseti ikaisha. Betri akaigeuza, na kelele za watu zikatoka.

Dianah: Kwani hapo katikati kulifanyika nini?

Aki angejua! Hilo swali ukilitupa kwa benchi yetu ni kama kutupa mfupa kwa mbwa watatu.

Betri: Ni waya. Waya ya kwanza ilikatika, akaendelea na tano zilizobaki. Ndio maana upande wa pili sauti imehama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Profesa: Guu la nani? Wacha ufundi wako. Ilikuwa ni stima. Stima zilipotea holi nzima, spika zikafa, na Nzioka hakuacha. Alipiga hivyo hivyo gizani, watu mia nne wakashika pumzi ndio wamsikie. Stima ziliporudi ndio unasikia hizo kelele. Mchumia juani hulia kivulini.

Betri: Na stima zikipotea, redio ya kurekodi ilikuwa inatumia nini? Mate?

Profesa: Betri! Wewe ndio unauliza hivyo, na jina ni Betri?

Mbele: Nyinyi wote mnabahatisha. Mtu wa kuambiwa hawezi kubishana na mtu wa kuona. Mama Nzioka, niangalie mimi. Babako aliruka kutoka stejini. Waya ya gita ilikuwa ndefu, imeunganishwa na nyingine tatu. Akatembea katikati ya watu akipiga, akatoka mlangoni, sisi nyuma yake, mpaka kwa reli. Treni ya Thika ilikuwa inakuja.

Idarous: Subhanallah.

Mbele: Ikasimama! Dereva akashuka, makaratasi yake mkononi, akaanza kucheza. Abiria wakashuka. Kuna mama alikuwa na kuku, kuku nao wakashuka. Mkubwa wa stesheni akaja mbio, anauliza treni imechelewa na nini? Dereva akamwambia, mzee, niandike vile unataka, lakini mimi hii gita siwezi kuipita. Ndio Nzioka akarudi nao wote ndani ya holi. Hizo kelele za upande wa pili ni za abiria. Mficha uchi hazai!

Hiyo methali haikuhusiana na kitu chochote, lakini aliisema kwa nguvu, na tulikubali. Hata mimi niliwaona wale kuku. Dianah alikuwa anacheka huku akijipangusa macho na ncha ya leso.

Dianah: Asanteni, wazee wangu. Mungu awabariki. Sasa niulize kitu kidogo tu, halafu niende kutafuta gari.

Mbele: Uliza, mama. Uliza chochote.

Dianah: Alikuwa anapiga na mkono gani?

Betri: Mkono gani vipi?

Dianah: Wa kulia ama wa kushoto? Huyu mtoto wangu anaandika na kushoto. Anakula na kushoto, anarusha mawe na kushoto. Nyanyake, upande wa bwanangu, anamfunga huo mkono na leso, anasema kwao hakujawahi kuonekana mtu wa namna hiyo. Kwetu pia hakuna, kwa kina mama. Mtoto analala akilia. Nikasema, labda ameutoa kwa huyo mwenye jina.

Mbele: Kulia!

Profesa: Kushoto!

Walisema kwa pamoja. Wakaangaliana. Redioni Nzioka alikuwa anacheka juu kule, na ukisikiliza huwezi kujua ni mkono gani unamchekesha.

Betri: Mbele, si ulikuwa karibu na spika?

Mbele: Watu walikuwa wengi.

Betri: Na kwa reli? Si ulikuwa nyuma yake?

Mbele: Nyuma, eeh. Nyuma mtu haoni mikono.

Idarous alitikisa birika, ikawa imebaki machicha tu. Mbele alijikunja pale benchini. Miaka yote namjua, na sijawahi kumwona amekuwa mdogo namna hiyo.

Mbele: Mama Nzioka, nisamehe. Mwaka wa sabini na tatu mimi nilikuwa nachunga ng'ombe ya watu huko Gatanga. Ruiru sikuwa naijua hata kwa ndoto. Hii kaseti nilianza kuisikia hapa.

Profesa: Mimi nilikuwa Eastleigh. Nilikuwa na surua.

Betri: Mimi kaseti niliikuta ndani ya redio imeletwa kutengenezwa. Mwenyewe hakurudi.

Mimi sikuulizwa, na nikashukuru.

Dianah: Kwa hivyo hakuna mtu hapa alikuwa huko.

Mbele: Hakuna, mama.

Nilitegemea alie. Ningekuwa mimi ningetukana mtu. Lakini alikaa tu, akasikiliza gita mpaka Nzioka akateremka tena kwa mistari yake miwili, watu wakiimba naye fungua geti, fungua geti.

Dianah: Mimi nilikuwa.

Profesa: Wewe? Wewe ulikuwa umezaliwa?

Dianah: Mama aliniambia kitu moja tu juu ya babangu, siku ile ako hospitali. Aliniambia alicheza hiyo densi ya Ruiru nikiwa tumboni, na nilimpiga mateke hiyo ngoma yote mpaka akatafuta kiti. Kwa hivyo mimi nilikuwa ndani ya hiyo holi, wazee. Ni mimi peke yangu. Sikuona kitu, nilisikia tu kama nyinyi.

Akasimama, akajikung'uta gauni.

Dianah: Nitaenda kumwambia mtoto babu yake alikuwa anapiga na kushoto. Na nyanyake nitamwambia hivyo hivyo, leo, kabla sijavua viatu.

Idarous: Na kama haikuwa hivyo, mwanangu?

Dianah: Nani atanibishia? Kuna mtu mwingine alikuwa huko?

Mbele akaweka kikombe chini, akavuta pumzi, na kifua chake nikakiona kinarudi mahali pake.

Mbele: Mlete huyo nyanya hapa Jumapili ijayo. Mlete na kijana pia. Mimi nitamwambia. Kushoto! Niliona na haya macho yangu mawili, nikiwa mbele kabisa.